Bandeji ya Mita Tatu

Kisu kilikuwa butu kwa miezi minne, na katika muda wote huo hakikumkata mtu. Siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri, mume alikinoa. Saa kumi kasorobo kilimkata mkewe.

Mume alikuwa mwashi. Jengo alilokuwa akilijenga lilikuwa limesimama kwenye ghorofa ya pili tangu mwenye jengo agombane na ndugu zake, na mwashi asiye na tofali la kupanga hutafuta la kufanya nyumbani. Alikinoa kisu juu ya jiwe kwa ustadi mkubwa, akakijaribu kwenye vinyweleo vya mkono wake, kisha akakirudisha jikoni bila kumwambia mtu. Alitaka mkewe agundue mwenyewe. Mkewe aligundua.

Kitunguu kilikatika, na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikafuata. Jeraha lilikuwa na urefu wa punje ya mchele. Damu haikujua hilo, ikatoka kama inayotoka kwenye jambo la maana.

"Nani amegusa hiki kisu?" mke aliuliza.

"Nimekinoa," mume alijibu kutoka uani.

"Ungesema."

"Si ulisema nikinoe?"

"Nilisema mwezi wa pili."

Mke alikusudia kuosha kidole, kukibana kwa kitambaa safi na kunyamaza. Alikuwa na sababu ya kunyamaza. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha mikate, chumba cha kukandia unga, na alikuwa katika miezi mitatu ya majaribio. Miezi hiyo ilikuwa inakwisha kesho yake, Ijumaa. Jumamosi ingebandikwa orodha ya watakaobaki.

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, wafanyakazi walipanga foleni langoni na kuonesha mikono, pande zote mbili, vidole vimepanuliwa, kama watu wanaozuia gari. Ukutani palikuwa na maandishi mekundu yaliyosema kwamba mkono wenye kidonda haugusi unga. Katika miezi hiyo mitatu wanawake wawili walikuwa wamerudishwa nyumbani, mmoja kwa kuungua na pasi, mwingine kwa kuchomwa na mwiba. Waliambiwa warudi wakipona. Walipopona walikuta aproni zao zimevaliwa na watu wengine.

Punje ya mchele ingeweza kufichika. Mtu angekunja kidole kidogo tu, au angemwomba Mungu kwamba msimamizi wa lango awe na usingizi. Lakini nyumba ilikuwa ya vyumba vitatu, na katika chumba cha mbele alikuwamo Daktari.

Daktari alikuwa baba mkwe. Alikuwa amefanya kazi katika hospitali kuu kwa miaka thelathini na mmoja. Katika miaka hiyo alisukuma vitanda, akamwaga mabeseni, akashika miguu ya watu waliokuwa wakishonwa, na akaona kila kitu. Mtaani hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa nani huko hospitalini. Jirani wa kwanza alimwita Daktari kwa sababu alitaka kutazamwa jicho bure, naye hakukanusha. Jina lisilokanushwa siku ya kwanza huwa gumu kukanushwa mwaka wa ishirini.

Tangu duka la dawa lifunguliwe pale kona, likiwa na kijana aliyevaa koti jeupe, wagonjwa wa Daktari walikuwa wamepungua. Mwaka huo alikuwa ametibu kidevu kimoja, kisigino kimoja na mbuzi.

"Kuna damu?" aliuliza kutoka chumba cha mbele.

Mke alimtazama mume. Mume alitazama paa.

"Kidogo tu, Baba," mke alisema.

Mzee alikuwa tayari amesimama.

*

Aliagiza maji yachemshwe na yaachwe yapoe. Aliagiza beseni, sabuni, kigoda na taulo ambalo halijatumika tangu lifuliwe. Yeye mwenyewe aliosha mikono hadi kwenye viwiko kwa dakika tatu, akiitazama saa ya ukutani, na hakumruhusu mtu kuzungumza naye wakati huo. Kisha alileta kopo la biskuti ambalo halikuwa na biskuti tangu mwanawe alipokuwa mtoto. Ndani yake mlikuwa na mkasi wenye ncha zilizopinda, pamba, chupa ndogo yenye kizibo, na bandeji sita zilizofuliwa, zikapigwa pasi, zikaviringishwa. Zilistaafu pamoja naye.

"Mgonjwa akae," alisema.

Mgonjwa alikaa. Alirudia kwamba jeraha ni dogo.

"Dogo ndilo linaloua, mwanangu. Kubwa kila mtu hulikimbilia."

Alikiosha kidole kwa maji yanayotiririka na sabuni. Akakikausha bila kukisugua. Akakibana kwa pamba, akauinua mkono wa mgonjwa juu ya kichwa na kuushikilia huko kwa dakika kumi, hata mkaza mwana akafanana na mwanafunzi anayejua jibu. Damu ilikoma. Mpaka hapo hapakuwa na kosa lolote. Mganga mwingine yeyote angefunika jeraha kwa kipande cha plasta na kwenda kunywa chai.

Mzee alifungua chupa. Dawa ilikuwa ya rangi ya zambarau, na ilikuwa imekaa ndani ya kopo kwa miaka minne ikisubiri kuitwa. Alipaka jeraha. Alipaka kidole kizima, kwa kuwa jeraha lina majirani. Alipaka vidole vya jirani, kisha kiganja, kisha mgongo wa mkono, na akapumzika alipofika kwenye kifundo. Kila alipochovya pamba, uso wake ulikuwa mtulivu kama wa mtu aliyerudi kazini.

"Baba, hiyo hutoka?" mke aliuliza.

"Hutoka."

"Baada ya muda gani?"

"Siku kumi. Hii ni dawa, si poda."

Mke alimtazama tena mume. Safari hii mume alifungua kinywa, akakumbuka jambo, akakifunga.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Siku mke alipoanza kazi, mzee aliuliza kama ameajiriwa, na mume alijibu kwamba ameajiriwa, kazi ya kudumu. Alisema hivyo ili mzee afurahi. Mzee alifurahi, akavaa viatu, akautangazia mtaa mzima. Kwa hiyo yeye peke yake nyumbani ndiye ambaye hakujua kwamba kulikuwa na majaribio, wala lango, wala orodha ya Jumamosi.

Bandeji ilikuwa ya mita tatu. Ilianzia kwenye kidole, ikapita kiganjani, ikazunguka kifundo, ikarudi, ikapishana mgongoni mwa mkono kama kamba za viatu, ikaenda tena. Ilipokwisha, fundo lilikaa upande wa kidole gumba, dogo na la kupendeza. Mkono ulikuwa na ukubwa wa mkate wa nusu kilo. Mwenye mkono aliijua mikate, hakukadiria.

Mlangoni alitokea fundi cherehani wa nyumba ya pili, aliyekuwa ameliona beseni likimwagwa.

"Jirani, nasikia mkono umekatwa."

"Ni kidole."

"Kimebaki?"

"Kipo humo ndani."

Fundi aliitazama bandeji kwa heshima, akamgeukia mzee na kumwambia kwamba Daktari bado ana mkono wake. Mzee alijibu kwamba kazi haisahauliki, kisha akatoa maagizo. Bandeji isifunguliwe kwa siku tano. Mgonjwa asishike maji. Kazini awaambie kwamba Daktari amekataa, na mwajiriwa wa kudumu ana haki zake.

"Ndiyo, Baba," mke alisema.

*

Saa kumi alfajiri mume na mke walikuwa bafuni, wamepiga magoti mbele ya beseni. Fundo dogo liliwashughulisha kwa dakika kadhaa. Bandeji ilipoanguka, walikuta jeraha limefunga vizuri, kavu, na safi. Lilikuwa mstari mmoja mwembamba katikati ya mkono wenye rangi ya biringani.

Walijaribu sabuni ya kufulia. Walijaribu majivu, kisha ndimu, kisha mafuta ya taa kwenye kitambaa. Majivu yaliondoa ngozi kidogo. Rangi ilibaki.

"Sema ni wino wa kupiga kura," mume alisema.

"Uchaguzi ulikuwa mwaka juzi."

"Sema ulipiga kura nyingi."

Mke aliurudisha mkono kwenye beseni. Aliendelea kusugua. Mume alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akauliza kwa nini hakumwambia mzee ukweli jana, wakati chupa ilipofunguliwa.

"Wewe ndiye uliyemwambia nimeajiriwa."

"Nilimwambia ili afurahi."

"Amefurahi." Aliinua mkono. "Tazama."

Mume alipendekeza wamwamshe sasa hivi. Mke alikataa. Alisema mzee hajapata mgonjwa tangu yule mbuzi, na kwamba kumwamsha hakutaupunguzia mkono rangi. Aliitundika bandeji kwenye msumari wa bafuni, akavaa sweta lenye mikono mirefu, akatoka.

*

Msimamizi wa lango aliitwa Mizani. Zamani alikuwa akipima mikate kabla haijatoka, na inasemekana aliweza kuushika mkate na kusema umepungua gramu ngapi. Sasa alipima watu. Hakuwa na sauti kubwa, na hilo ndilo lililowatisha.

Foleni ilisogea. Mikono ilipanuliwa, ikageuzwa, ikapita. Ilipofika zamu yake, mke alitoa mkono wa kulia kwanza, akautandaza vizuri. Mizani alisubiri. Hatimaye mkono wa kushoto nao ulitoka ndani ya sweta.

"Hii nini?"

"Dawa."

"Ya nini?"

"Kidole."

"Na hiki kiganja kinaumwa nini?"

"Hakiumwi. Kimepakwa tu."

Foleni ilicheka. Mizani hakucheka. Alikikunjua kidole, akaliona jeraha, akaonesha benchi lililokuwa pembeni ya lango.

"Kaa pale. Nikimaliza foleni nitakuandikia karatasi ya kurudi nyumbani."

Kwenye benchi alikuwapo mwanamke aliyekuja kila asubuhi kwa wiki tatu kungoja nafasi. Aproni yake ilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa vizuri, tayari. Alisogea ili mwenzake apate mahali.

"Pole, dada. Ni kidonda kikubwa?"

"Kidogo sana."

"Pole sana," mwanamke alisema. Alifungua mfuko wake, kwa mwendo unaoruhusiwa na adabu. "Ulikuwa chumba cha kukandia? Kule wanasimama tu, au kuna viti?"

"Kuna kusimama."

Mwanamke alitazama viatu vyake, akaonekana kuridhika navyo.

*

Nyumbani, mzee aliingia bafuni saa kumi na mbili na robo, akaiona bandeji kwenye msumari. Aliishusha. Ilikuwa imeviringishwa ovyo na ilinuka mafuta ya taa. Alitoka nayo mkononi na kumkuta mwanawe uani, akikitazama kisu.

Mume alieleza yote, kuanzia majaribio. Alieleza bila kupumzika, kama mtu anayeshusha mzigo mahali popote ilimradi ushuke. Mzee alimsikiliza akiwa anaiviringisha bandeji upya.

"Kwa hiyo si mwajiriwa."

"Akipita leo, kesho anakuwa."

"Na mkono ule?"

"Ule hauwezi kupita, Baba."

Mzee aliingia chumbani, akafungua sanduku la chini ya kitanda. Mtaa ulikuwa umemsikia mara nyingi akilitaja koti lake la kazi, na kila mtu alilifikiria kuwa jeupe. Lilikuwa la kijani. Madaktari wa hospitali kuu walivaa meupe, wauguzi buluu, na wahudumu wa wodi kijani, ili mtu anayehitaji kitanda kisukumwe asimsumbue asiyehusika. Kwa miaka ishirini koti hilo halikuwahi kutoka sandukuni mchana.

Alilivaa. Akafunga vifungo vyote. Akachukua mkasi na bandeji, akapita katikati ya mtaa.

"Daktari," fundi cherehani aliita kutoka barazani, "leo umevaa koti la nani?"

"Langu," mzee alisema, akapita.

*

Alipofika, foleni ilikuwa imekwisha na Mizani alikuwa akiandika karatasi. Mlinzi alimzuia. Mzee alisema amekuja kwa ajili ya yule mgonjwa. Mke alimwona, akainuka, akauficha mkono ndani ya sweta kwa mazoea.

"Wewe ndiye daktari uliyempaka?" Mizani aliuliza.

Palikuwa na mlinzi, wapakiaji wanne wa gari la mikate, mwanamke mwenye aproni mfukoni, pamoja na mkaza mwana wa mzee mwenyewe. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Alikuwa amesema ndiyo kwa miaka ishirini bila kufungua kinywa.

"Hapana," mzee alisema. "Mimi si daktari. Nilikuwa mhudumu wa wodi. Nilisukuma vitanda na kuosha mabeseni."

Mke aliyatazama maandishi mekundu ya ukutani, akayasoma upya, ili awe anatazama kitu.

"Lakini kuosha kidonda najua," mzee aliendelea. "Hiki nilikiosha kwa maji yaliyochemshwa na sabuni, na nilikibana dakika kumi. Kimefunga. Kitazame."

"Nimekitazama. Na rangi yote hii?"

"Rangi nilizidisha."

"Kwa nini?"

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa utaratibu, na swali lilistahili jibu.

"Sikuwa nimepata mgonjwa kwa muda mrefu."

Mizani aliweka kalamu chini. Alivuta droo ya meza yake ya langoni. Ilikuwa imejaa karatasi zenye mihuri. Alisema kwamba hizo zote zimetoka kwa madaktari, kwamba kila moja inasema mwenye karatasi ni mzima, na kwamba waliozisaini hawajawahi kuwaona wenye karatasi. Alisema amekaa kwenye lango hilo kwa miaka tisa, na huyu ni mtu wa kwanza kuja mwenyewe kusema alichofanya na alichokosea.

Akakirudia kidole kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza, akakibonyeza pembeni. Hakikutoa kitu.

"Unga hagusi mpaka Jumatano," alisema. "Atafunga mikate kwenye mifuko, na glavu. Siku ya leo nitaiandika kuwa amefanya kazi." Akamgeukia mzee. "Kifunike. Lakini glavu iingie."

Mzee alipiga goti mbele ya benchi. Alikata kipande cha bandeji chenye upana wa vidole viwili, akakizungusha kwenye kidole kimoja, mara tatu tu, akafunga fundo upande wa kidole gumba. Kazi yote haikufika dakika moja. Glavu iliingia.

Mwanamke wa benchini alikifunga tena kifuko chake cha plastiki na kusogea katikati ya benchi, mahali palipokuwa na jua kidogo. Wale wawili wa mwanzo, wa pasi na wa mwiba, walikuwa wamekaa hapo hapo. Hao hakuna aliyekuja kuwasemea.

"Asante, Baba," mke alisema.

"Usishike maji," mzee alisema.

*

Jumamosi jina lake lilikuwamo kwenye orodha, la tisa kutoka juu. Mume alikwenda kulisoma mwenyewe, akarudi akalirudia mara mbili, kisha akasema kwamba kuanzia siku hiyo atatangaza kila kisu anachokinoa.

Habari ya koti la kijani ilikuwa imefika mtaani kabla mwenye koti hajarudi kutoka langoni. Ijumaa nzima na Jumamosi mchana watu walimsalimia mzee kwa uangalifu, "Shikamoo, mzee," na wakapita haraka kidogo. Hakuna aliyemwita jina lingine. Yeye aliitikia, akakaa chumba cha mbele, na kopo la biskuti akalisukuma chini ya kiti kwa mguu.

Saa kumi na moja jioni, wakiwa mezani, hodi ilibishwa. Alikuwa fundi cherehani. Sindano ya cherehani ilikuwa imempita kwenye kidole cha kati, na alikuwa amekizungushia kipande cha kitenge cha mteja. Alisimama mlangoni akitafuta neno, na ilionekana wazi ni neno gani.

"Hodi jamani. Baba yupo?" alisema. Akakohoa. "Yaani... daktari yupo?"

Mzee alitazama sahani yake. Mume alitazama paa. Mke alikuwa akikata kitunguu cha pili cha kachumbari, kisu kile kile, mkono ule ule wa zambarau, na hakuinua uso.

"Yupo," alisema. "Anakula. Kaa usubiri zamu yako."

"Zamu gani, na niko peke yangu?"

"Hata hivyo, subiri."

Fundi alikaa. Mzee alimaliza kula bila haraka. Aliosha mikono hadi kwenye viwiko kwa dakika tatu, akiitazama saa, na hakuna aliyemsemesha. Kisha aliinama, akalivuta kopo kutoka chini ya kiti.

Fundi alipouona mkono wa jirani yake chini ya mwanga wa dirisha, alikirudisha kidole chake kifuani.

"Na ile dawa ya zambarau?" aliuliza.

"Imekwisha," mzee alisema.

Chupa ilikuwa bado nusu. Aliisogeza chini ya pamba, akachukua mkasi, akakata kipande kidogo.